Njia Iliyofungwa kwa Miiba

Mogogosiek,
Mwezi wa sita, 1936

Ndugu yangu mdogo Alfayo Amolo,

Ni mimi dada yako Jerusa, bado napumua, kwa hiyo weka randa chini uketi usome. Nakusalimu wewe, namsalimu mke wako, nawasalimu watoto wote, hata yule mbwa wenu aliyenitoa mbio nilipokuja mara ya mwisho. Kifua chako kinaendeleaje? Niliambiwa unakohoa kwa ajili ya vumbi la mbao. Nilikwambia ufunge kitambaa puani, lakini wewe tangu utoto ukiambiwa jambo unacheka kwanza.

Hapa tu wazima, isipokuwa magoti yangu ambayo hayajapatana na baridi ya huku. Ukungu unalala juu ya chai mpaka jua lipande sana, na nguo ukianika leo unaivaa kesho kutwa ikiwa na maji bado. Mwanangu Ogola anachochea moto kiwandani, anarudi mweusi kama sufuria. Mke wake Syprose ni mzima, anaimba kanisani hata pale ambapo wengine wamenyamaza.

Utashangaa kuona nimekuandikia Kiswahili. Si majivuno. Kiswahili nilikipata kambini, marehemu mume wangu alipokuwa akitandika mataruma ya reli, na herufi nilizipata katika darasa la ubatizo, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu. Syprose anasoma Kijaluo kama karani, lakini Kiswahili cha kuandikwa kinamshinda, na maneno haya sitaki ayajue kabla yako.

Ogola alinisomea majibu yako kwa barua yake. Umesema mjukuu wangu Kepher asikanyage tena karakana yako, kwamba nafasi yake kwenye meza ya kazi umempa kijana mwingine, na arudishe pimamaji yako na sanduku la vyombo. Umesema mtu anayechimba kabla ya kuuliza hafai kushika patasi. Basi ujue maneno yako yamefika yalikotumwa. Kepher alisikiliza mpaka mwisho, akasema babu Alfayo ana haki, akatoka nje. Siku ya pili akaenda kujiandikisha kuchuma chai. Mkono uliofundishwa na wewe kuchonga meno ya gurudumu sasa unakata majani mabichi na kuyatupa mgongoni katika kikapu, na nyapara anamwita mvivu kwa kuwa anachagua kila jani kama mtu anayechagua msumari.

Mimi nilikubeba mgongoni, Alfayo, ulipokuwa na ndui na mama akaogopa kukugusa. Kwa hiyo utanisoma mpaka chini. Ogola alikueleza nusu.

Kepher alifika kwetu wakati wa kiangazi kutoka kwako, atujengee kinu cha maji cha kusagia mahindi. Alikuja na sanduku lako, na kamba yako yenye mafundo, na maneno yako. Aliyasema kila siku mpaka tukayajua kama sala. Asichimbe kabla ya kuuona mto ukiwa mwembamba na ukiwa mnene. Asichimbe kabla ya kujua nani anapita mahali pale, mtu au mnyama, na wakati gani. Awe na kinu chote kichwani kwanza, ndipo atie jembe.

Kinu tulikitaka kweli. Hapa laini, katika nyumba hizi za wafanyakazi, watu wa chai wanapewa posho ya mahindi Jumamosi, na wanawake wanayasaga kwa jiwe mpaka mabega yanawaka. Mzee mmoja Mkipsigis, arap Mosonik, ambaye nchi yake inaanza pale chai inapokoma, alimpa Kepher mahali kando ya kijito, penye mteremko mzuri. Alisema kinu kikisaga, na wake zake watapumzika pia.

Basi nilitegemea kesho yake nisikie jembe. Sikusikia kitu. Kijana aliketi. Anatoka asubuhi na kamba, anarudi jioni na kamba. Alipiga vigingi vidogo kutoka juu mpaka chini, anaweka pimamaji, anainama, anafunga jicho moja, anang'oa kigingi anakirudisha kidole kimoja tu pembeni. Alikuwa akitupa magunzi ya mahindi mtoni, kisha anakimbia kando ya maji kuyatazama yanavyokwenda. Mwanaume mzima, Alfayo, anakimbizana na magunzi! Alitengeneza gurudumu dogo la vijiti, la kumtosha panya, akaliweka kwenye maji akalitazama likizunguka toka asubuhi mpaka mchana. Wanawake wa laini wakampa jina, wakamwita askari wa mto. Walikuwa wakiniuliza kisimani kama askari wangu ameshakamata samaki.

Unanijua. Kuchekwa siwezi. Nilikwenda pale nikalipiga teke lile gurudumu la vijiti, nikamwambia babu yake Alfayo anaweza kungoja kwa sababu anakula samaki wa ziwa, sisi tunakula mabega yetu. Kepher aliokota vijiti akacheka. Aliniambia mimi nyanya yake, dani, mvua ikinyesha na ikapita, nitachimba mara moja tu. Nisipongoja nitachimba mara mbili. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu anayeogopa jembe.

Halafu kulikuwa na Ndung'u. Huyu ni Mkikuyu mwenye duka hapa njia panda, mtu wa kazi, sina neno naye. Lakini alisema mbele ya watu kwamba ataleta mashine ya kusaga kutoka Nakuru, ile ya moto, inayolia. Mimi nilikuwa palepale dukani nanunua sabuni. Nikamwambia mke wake Gathoni, watu wote wakisikia, kwamba mashine yao ikifika itakuta tumeshiba, kwa maana Pasaka hii laini nzima itakula ugali wa kinu cha mjukuu wangu. Hakuna aliyenituma kutaja Pasaka. Neno lilitoka tu, na nikilitoa silirudishi.

Tangu siku ile sikumpa Kepher nafasi ya kupumua. Chakula nilimwekea pamoja na matusi. Nilimwuliza kama vigingi vinaota. Nilimwambia kwamba baba yake, Ogola, kwa umri huo alikuwa na mke na mtoto, na yeye ana kamba. Mwisho akachoka. Akasema sawa, atachimba kabla ya mvua, ila limebaki jambo moja ambalo hawezi kuliruka. Mahali mfereji unapopinda, kuna kipande cha nyasi changa, na mtu amerundika matawi ya miiba juu yake, si jana wala juzi, kwa makusudi. Alitaka kujua ni kwa nini. Arap Mosonik alikuwa amesafiri upande wa Sotik kwa mambo ya ndoa ya binti yake. Kepher akaniomba nimwulize mke mkubwa wa mzee, Bot Taprandich, ndiyo kusema mama yake Taprandich, kwa kuwa mimi huchukua maziwa kwake na tunaelewana kwa Kiswahili chetu hiki cha kuvunja.

Nilikwenda. Niliporudi, Kepher akashika jembe.

Pasaka ilifika na kinu kikasaga. Sitakuficha, ilikuwa siku nzuri. Kepher alifungua kilango cha mfereji, maji yakaja, gurudumu likasita, likalia kidogo, likazunguka. Unga wa kwanza niliukinga kwa kiganja changu ukiwa wa moto, nikampaka Syprose mashavuni mbele ya watu. Wanawake walewale wa kisimani walipiga vigelegele. Nilimtafuta Gathoni kwa macho mpaka nikampata, nikamwambia akamweleze mume wake asiwachoshe bure ng'ombe wa mkokoteni kwenda Nakuru. Gathoni ni mwanamke mpole. Alijibu kwamba kinu ni kizuri sana, akaniuliza kama nimekijenga mimi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mvua kubwa ikaanza. Asubuhi moja tulisikia kengele za ng'ombe na vijana wakipiga miluzi kutoka juu. Pale chini ya mfereji wetu, Alfayo, pana udongo wa chumvi. Wakipsigis huuita ng'eny. Mvua ikianza huleta ng'ombe wa kijiji kizima walambe, boma moja baada ya lingine, kisha njia hufungwa kwa miiba ili udongo upumzike mpaka mvua nyingine. Nyasi huota juu ya njia. Mgeni akipita haoni njia, anaona nyasi na matawi ya miiba.

Ng'ombe akisikia harufu ya chumvi hasikii fimbo. Vijana waliondoa miiba, ng'ombe wakateremka kwa kasi, na chini ya miiba ile, ambayo Kepher aliirudisha mahali pake baada ya kuchimba, palikuwa na mfereji wake, umefunikwa kwa fito nyepesi tu ili majani yasianguke ndani. Ng'ombe wa mbele alikuwa jike la rangi ya majivu, lina mimba kubwa. Fito zilikatika, mguu ukaingia, tukasikia mfupa mpaka kwenye kinu. Waliokuwa nyuma wakapanda ukingo, ukingo ukabomoka, na maji yote ya kijito yakageuka yakaingia katika chumvi. Udongo ule ambao wazee wao wameutunza tangu zamani uliyeyuka mbele ya macho yetu ukateremka mtoni kama uji. Ng'ombe walikuwa wamesimama katika matope wakilia, wanatafuta chumvi kwa ulimi na hawaipati. Lile jike walilichinja palepale. Sikungoja kuona walichotoa tumboni.

Wazee walikaa siku hiyohiyo kando ya kinu. Arap Mosonik alikuwa amerudi. Hakupaza sauti, na ningependa sana kama angepaza. Alimwuliza Kepher jambo moja tu, kama alijua hapa ni njia ya ng'ombe. Kepher akasema hakujua. Wazee wakatazamana. Arap Mosonik akamtazama mke wake. Bot Taprandich akanitazama mimi. Kepher akasema kazi ni yake na kosa ni lake, hakuuliza inavyotakiwa. Nami nilikuwa nimekaa pale, mdomo huu unaoujua, mdomo uliomtisha mpaka chifu, nikawa naifunga na kuifungua ncha ya leso yangu.

Ogola alilipa ng'ombe kwa ng'ombe. Alitoa mtamba aliyekuwa akimweka kwa mahari ya Kepher. Mfereji ukazibwa mdomo kwa miiba ileile. Kisha Ogola akakaa kukuandikia, na kabla ya kuandika akaniuliza, mama, ulikuwa hapa kila siku, huyu kijana alikuwa na haraka? Nikasema vijana wa siku hizi wote wana haraka. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ndiyo maneno uliyoyapata kwa mkono wa Ogola, na wewe ukayajengea hukumu.

Sasa nitaandika lile ambalo limenifanya niandike.

Siku ile Bot Taprandich alinikaribisha vizuri. Alinipa kiti kidogo, akanitilia maziwa ya kibuyu yenye mkaa. Nikamwuliza habari ya miiba. Akaniambia yote, Alfayo. Aliniambia ni njia ya chumvi, na ng'ombe watashuka mvua ikianza. Akasema, ambia kijana ankoje mvua aone mwenyewe, na kama hawesi kunkoja, basi aweke makoko makubwa pale wanyama wapite juu. Hivyo ndivyo anavyosema, na nilimwelewa kuliko ninavyomwelewa mhubiri wetu. Alirudia mara ya pili na akanishika mkono.

Nikatoka. Njiani nikafikiri. Nikimwambia Kepher hivi, atarudi kwenye magunzi yake. Magogo makubwa hayapatikani karibu, ni kwenda msituni, ni kupasua, ni siku na siku. Pasaka itapita. Gathoni ataniuzia sabuni na kutabasamu. Nikajiambia wenye ng'ombe hawakosi sababu, kila nyasi kwao ni njia. Kepher alikuwa amesimama mlangoni ananingoja na kamba mkononi. Nikamwambia, amesema ni miiba ya kuzuia mbuzi tu, chimba.

Chimba. Neno lenyewe ni fupi, angalia lilivyo fupi.

Ndiyo maana wale wazee walitazamana. Walikuwa wameuona mfereji ukikata njia yao na hawakusema kitu, kwa kuwa Bot Taprandich alikuwa amewaambia nyanya yake fundi ameshapewa habari. Wakafikiri chini ya miiba tumeweka magogo. Walituamini sisi wageni. Na lile lisiloniacha nilale ni hili. Jioni ya siku ile ya wazee, Kepher alinikuta jikoni akaketi karibu nami. Mimi nilidhani amejua. Akaniambia, dani, usijisumbue moyo, labda mimi sikukueleza vizuri la kuuliza. Mtoto ananiomba radhi mimi! Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwomba alete kuni.

Nimejaribu tena mara nyingi. Kila nikianza, namtuma maji, namtuma chumvi, namkaripia kwa viatu vyenye matope.

Nilikwenda kwa Bot Taprandich baada ya majibu yako kufika. Alinipa maziwa tena, nikayaweka chini. Nikamwambia yeye na mzee wake kwamba kijana hakujua, kwamba habari ilifia kwangu. Bot Taprandich akasema alikuwa akinitazamia tangu siku ile, na kwamba nimechelewa lakini nimekuja na miguu yangu mwenyewe. Arap Mosonik alivuta ugoro wake. Kisha akasema chumvi imeanza kujitokeza tena pembeni, kidogo, itachukua muda. Akasema habari ya mfereji hatasema ndiyo wala hapana mpaka kijana aijue kweli kutoka kwa nyanya yake, ndipo aje wakae pamoja katika mvua ijayo, watazame ng'ombe wanavyopita na maji yanavyopanda, na atakuja na mwalimu wake kama mwalimu anataka.

Mwalimu ni wewe. Na sasa nakukaripia, maana nina haki hiyo hata nikiwa na kosa. Wewe uliyemfundisha kuuliza kabla ya kuchimba, ulimwuliza nini Kepher kabla ya kumfungia mlango? Hukumwandikia hata mstari. Ulipata barua moja ya mtu mmoja mwenye hasira ukapitisha mfereji wako juu ya kijana. Mimi sina shule, mimi naweza kufanya upumbavu. Wewe je, mwenye pimamaji?

Siombi unisamehe mimi. Nikifika Kisumu unaweza kunifungulia yule mbwa. Namwombea Kepher nafasi yake kwenye meza ya kazi. Kila alichotaka kufanya kilikuwa kama ulivyomfundisha. Nimekwenda kutazama vigingi vyake, bado vimesimama katika matope yote haya, hata kimoja hakijalala. Na siku hizi mimi ndiye ninayekwenda mtoni asubuhi kutupa magunzi. Kepher hajui kwa nini. Nilimwuliza gunzi linatakiwa kwenda vipi mto ukijaa, akanieleza kwa subira, nami nikiona jambo nafunga fundo katika kamba. Wanawake wa laini wananiita mke wa askari wa mto. Waache waite.

Alfayo, barua hii haikuja kwa posta. Anayekukabidhi ni Kepher mwenyewe. Umetaka pimamaji yako na sanduku virudishwe, basi anavirudisha, na pimamaji ameifunga katika shati lake la kanisani isipasuke kioo. Sikuifunga bahasha. Nimemwambia akifika Soin, pale baridi inapokwisha na joto la kwetu linapoanza, aketi aisome yote, kwa sababu ndani yake kuna maneno yanayomhusu yeye ambayo nyanya yake hakuweza kuyasema kwa mdomo. Aliniuliza ni maneno gani. Nikamwambia aende, jua linapanda.

Kutoka Soin njia ya kurudi kwangu ni fupi kuliko ya kuja kwako. Anaweza kurudi kunitazama usoni, na ana haki. Anaweza kwenda mahali pengine ambapo hakuna bibi wala babu wa kumjengea jina. Lakini kama unasoma mstari huu, basi ameshanisoma mimi kwanza, na bado amekuja mpaka mlangoni kwako kurudisha vitu vya watu. Inua macho. Yuko mbele yako, amechoka. Mpe maji, kisha umwulize.

Msalimu mke wako. Waambie watoto shangazi yao anawataja. Funga kitambaa puani.

Ni mimi dada yako aliyekubeba,
Jerusa nyar Nyakach